Mfokaji na Karani

Nilianza kuhesabu mizani kwa vidole nikiwa darasa la tano, na hadi leo nikisikia mtu akisema neno zuri barabarani, vidole vyangu huanza kucheza vyenyewe: nane kwa nane, kina cha kati na kina cha mwisho. Nasema haya mapema ili ndugu msomaji afahamu ni mtu wa namna gani anayemsimulia habari za Joseph Haule, ambaye nchi nzima inamjua kwa jina la Professor Jay, na za muziki wa kufokafoka ambao yeye aliufanya usikilizwe hata na wazee wetu. Mimi si shahidi niliyeitwa na upande wake. Kwa muda wa miaka kumi hivi nilikuwa mpinzani wa muziki huo, tena mpinzani mwenye kalamu. Nilitunga beti zisizopungua thelathini za kuukemea, na nyingine nilizisoma mbele ya hadhara nikapigiwa makofi. Beti hizo sizitafuti tena.

Chuki yangu haikuzuka hewani. Sisi tuliozaliwa mnamo mwaka 1970 tulisoma katika zama ambazo utamaduni wa taifa lilikuwa jambo la kuapiwa. Walimu walitukumbusha hotuba ya Mwalimu Nyerere ya Desemba 1962, alipotangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Humo alistaajabu kwamba wengi wetu tuliweza kucheza rumba, chachacha na twist, ilhali ni wangapi waliokuwa hata wamesikia habari za gombesugu, mangala, kiduo au lelemama? Kwa mtoto wa Ubena swali hilo lilikuwa na uzito wa pekee, maana gombesugu ni ngoma ya jirani zetu Wazaramo, na hapakuwa na haja ya kusafiri mbali ili kuisikia. Mwishoni mwa mwaka 1969 muziki wa soul wa Wamarekani weusi ulipigwa marufuku katika mji wa Dar es Salaam. Mwaka 1981 Chuo cha Sanaa kikaanza Bagamoyo, hicho ambacho tangu mwaka 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, na Mzee Hukwe Zawose, Mgogo aliyefanya maskani yake pwani hadi alipofariki mwaka 2003, akawa anapiga zeze na ilimba zake mita chache kutoka baharini. Sisi vijana wa wilaya hii tulikwenda kumtazama kama watu wanaokwenda ziara. Huo, tuliamini, ndio utamaduni. Kilichotoka nje kilikuwa uchafu ulioletwa na mawimbi.

Na kufokafoka kulitoka nje kweli, sina haja ya kuficha. Kulianza mwaka 1973 katika mitaa ya Bronx, mjini New York, ambako vijana weusi na wale wenye asili ya visiwa vya Karibi walifanya dansi zao katika majumba ya kupanga. Clive Campbell, mzaliwa wa Jamaika aliyejulikana kwa jina la Kool Herc, alitumia nakala mbili za santuri moja ili kukirefusha kile kipande cha ngoma ambacho wachezaji walikipenda zaidi, na juu ya kipande hicho yakapandishwa maneno ya kuwachangamsha watu. Maneno yalipokua yakawa hadithi, majigambo, malalamiko na mashtaka. Huku kwetu kitu hicho kilifika katika miaka ya 1980 ndani ya kaseti na kanda za video zilizoletwa na mabaharia na vijana wenye ndugu zao ughaibuni. Nakumbuka kijana mmoja mjini Bagamoyo, aliyevaa kofia kisogo mbele, akifoka kwa Kiingereza cha puani mbele ya duka la vinywaji. Nilimwuliza maana ya maneno yale. Alinijibu kwa upole kabisa, "Kaka, wewe sikiliza mdundo tu." Nilikwenda nyumbani nikaandika ubeti wangu wa kwanza wa kukemea.

Mwaka 1991 Saleh Jabir alichukua wimbo wa Mmarekani Vanilla Ice uliokuwa ukivuma duniani akauvika maneno ya Kiswahili. Wengi tulimcheka. Tulisema huyu ameazima shati la mtu. Hatukujua kwamba Vanilla Ice mwenyewe alikuwa ameuchukua mdundo ule katika wimbo wa Waingereza Queen na David Bowie, na kwamba katika sanaa hii kuazima si aibu bali ndiyo desturi ya mwanzo. Wala hatukuliona jambo lililo kubwa zaidi: kwamba kijana yule, kwa kuingiza Kiswahili katika ngoma isiyokizoea, alikuwa amejitwisha kazi ngumu. Kiingereza kina maneno mengi ya silabi moja, yanayoanguka kama mawe. Kiswahili chetu ni maji. Karibu kila silabi inaishia kwenye irabu, na viambishi vinarefusha neno hadi mdundo unakwisha kabla ya kitenzi. Kulitafutia neno kama "hatutawasahaulisha" mahali pa kukaa ndani ya mapigo manne si mchezo wa watoto.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Zamani redio ya taifa ilikuwa moja, yenye saa zake na makatazo yake. Mwaka 1994 Radio One ilianza kurusha matangazo, na vituo vingine vya watu binafsi vikafuata, navyo vilihitaji nyimbo za kujaza saa zote za mchana na usiku. Katika redio hiyo, mwaka 1996, ndipo mtangazaji Mike Mhagama alipoanza kuziita nyimbo za vijana hawa kwa jina la bongo flava, jina ambalo mpaka leo silipendi, ingawa nimekwisha kushindwa. Mwaka huohuo Joseph Mbilinyi wa Mbeya, aliyejiita Mr. II na ambaye baadaye aliitwa Sugu, alitoa albamu yake "Ndani ya Bongo", na vijana wakaanza kuamini kwamba mtu anaweza kufoka Kiswahili tangu mwanzo wa kanda hadi mwisho wake na kanda ikanunuliwa.

Sharti niwataje hapa watu ambao hawaonekani. Huko Marekani wakati mwingine mfokaji na mtayarishaji wa muziki huwa mtu mmoja, Dr. Dre ni mfano unaojulikana, mtu anayeunda mdundo, kuwaongoza wengine na kufoka mwenyewe. Kwetu kazi hizi kwa muda mrefu ziligawanyika. Mfokaji alikuja na daftari lake, na mtayarishaji ndiye aliyekuwa na mashine, kompyuta na sikio. Joachim Kimario, yaani Master J, na Paul Matthysse, yaani P-Funk Majani wa Bongo Records, kijana mwenye baba Mholanzi na mama Mtanzania, ndio waliowafundisha wafokaji wengi kwamba sauti ina mahali pake. Mtayarishaji humkatisha msanii, humwambia arudie mstari mara kumi, humwondolea maneno anayoyapenda. Sisi washairi hatukuwa na mtu wa namna hiyo. Tulituma tungo zetu gazetini, zikachapwa kama zilivyo au zisichapwe. Nimewaza mara nyingi kwamba laiti ningepata Majani wa kunikatisha, zile beti thelathini zingebaki mbili.

Sasa nimfikie mwenyewe. Haule alizaliwa mwishoni mwa mwaka 1975, naye ana asili ya Kingoni. Katikati ya miaka ya 1990 aliingia katika kundi la Hard Blasters, pamoja na Fanani na Big Willy. Jina la kwanza alilojipa lilikuwa la Kimarekani, lenye neno ambalo watu weusi wa huko wametukanwa nalo kwa karne kadhaa. Walilichukua wenyewe na kulitumia kwa kujitania, nasi tukaliokota bila kujua lilikotoka. Mwaka 2000 kundi hilo lilitoa albamu iitwayo "Funga Kazi". Mwaka 2001 Haule alitoka peke yake na albamu ya "Machozi, Jasho na Damu", na kufikia hapo alikuwa amekwisha kuliacha lile jina la matusi na kujipa cheo cha uprofesa. Wasomi walinung'unika. Mimi nilifurahi kimoyomoyo, bali sikumwambia mtu.

Katika albamu hiyo ndimo ulimokuwamo wimbo wa "Ndio Mzee", uliotayarishwa na P-Funk. Kabla sijausema wimbo huo, yanipasa niseme jambo langu mwenyewe, ambalo bila hilo msomaji hataelewa kwa nini wimbo ulinichoma.

Mwaka 2000 nilikuwa karani wa masijala katika ofisi moja ya serikali ambayo sitaitaja. Kiongozi mmoja, ambaye naye sitamtaja, alikuwa na ziara katika kijiji kisicho mbali na barabara ya Morogoro, upande huu wa Ubena. Kijiji hicho hakikuwa na maji. Wanawake walitoka alfajiri na ndoo, wakarudi jua limepanda. Kwa kuwa nilijulikana kuwa malenga, niliitwa nikaambiwa nimwandikie mheshimiwa hotuba ya ziara, yenye kutia moyo, na mwishoni niweke beti mbili za kupamba. Niliandika. Niliandika kwa furaha, kwa sababu ilikuwa mara yangu ya kwanza tungo yangu kusomwa na mtu mkubwa. Ubeti wa mwisho ulianza hivi:

Subirini msichoke, maji yaja kwa hakika,
Ndoo zenu mziweke, tayari kwa kujazika.

"Kujazika" ni neno nililolivuta kwa nguvu kwa ajili ya kina, na aibu yangu ingekuwa ndogo kama ingekuwa ni hiyo tu. Lakini mimi nilikuwa karani wa masijala. Majalada yalipita mikononi mwangu. Nilikuwa nimeliona jalada la makadirio ya mwaka ule, na nilijua kwamba kisima cha kijiji kile hakikuwamo, wala katika rasimu ya mwaka uliofuata. Nililifunga jalada nikachukua kalamu. Nilijiambia kwamba kazi ya mwandishi wa hotuba ni lugha. Mengine ni ya wakubwa.

Hotuba ilisomwa chini ya mwembe. Mheshimiwa alikuwa na sauti nzuri, na kila alipotua watu waliitika, "Ndiyo, mzee!" Sikuwa nimeandika kiitikio hicho, walikileta wenyewe, kwa adabu iliyozoeleka, jinsi watu wa pwani wanavyomwitikia mgeni. Vigelegele vilipigwa kwenye ubeti wa mwisho. Wakati tukielekea kwenye magari, bibi mmoja alinishika mkono. Alinijua, kwa kuwa alikuwa na ujamaa na upande wa mama yangu. Akaniuliza, "Mjukuu wangu, hayo maji yatafika kabla ya kiangazi?" Nikamwambia, "Inshallah, bibi. Subira." Akaniombea dua. Aliniombea dua ndefu, na mimi nikasema amina mahali panapostahili.

Wimbo wenyewe niliusikia mwaka uliofuata, katika mgahawa wa chai pale Ubena Zomozi, mahali ambapo mabasi ya kwenda Iringa, Mbeya na Songea hupita na mengine hutua. Basi moja lilikuwa limesimama kwa pancha, na dereva alikuwa amefungulia redio kwa sauti ya juu. Nikasikia mtu akihutubia. Sauti ilikuwa ya mgombea: nzito, ya kubembeleza, yenye kituo baada ya kila ahadi ili watu wapate nafasi ya kushangilia. Ahadi zilipanda ngazi kwa ngazi, kutoka zile tunazozijua hadi zile ambazo akili haiwezi kuzibeba, na kila ahadi umati uliitika, "Ndio mzee!" Abiria walikuwa wameinama kwa kicheko. Mwenye mgahawa aliweka birika chini ili acheke vizuri. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimekitambua kituo kile cha sauti. Mahali pale pa kutua, mimi ndiye ninayeweka nukta.

Walimu wa fasihi watanisamehe nikikaa kidogo juu ya ufundi wa wimbo huo, maana huko ndiko uadui wangu ulikovunjikia. Jambo la kwanza, Haule hakumsema kiongozi kwa mbali. Hakusimama pembeni akitoa hukumu, kama tulivyofanya sisi katika tungo zetu za maonyo. Alilivaa joho la mgombea, akasema kwa kinywa chake, akamwachia nafasi ya kuwa mtu wa kupendeza. Ndiyo sababu kicheko kinauma: hata msikilizaji mwerevu anashtuka kwamba kwa dakika moja alikuwa amekwisha kushawishika.

Jambo la pili, wimbo huo ni ngonjera. Sisi sote tulikariri ngonjera shuleni, na tunamkumbuka Mathias Mnyampala, aliyezipa nguvu tungo hizo za majibizano baada ya Azimio la Arusha, wakati washairi walipoombwa walieneze kwa wananchi. Katika ngonjera za namna ile, mtu aliyepotoka hubishana na mtu mwenye siasa safi, na mwishoni yule mpotovu hukubali kosa. Katika "Ndio Mzee" hakuna anayekubali kosa. Umati hauamki. Unaitikia mpaka mwisho, na kazi ya kuamka ameachiwa yule aliye nje ya wimbo, anayekunywa chai. Nadhani Mnyampala angeona mara moja kilichofanyika, na pengine angekasirika kwa kutokukifanya yeye.

La tatu ni mizani. Nilijaribu kuhesabu kwa vidole, kama kawaida yangu, na vidole vikashindwa: mstari mmoja ulikuwa na silabi kumi na mbili, wa pili kumi na saba, wa tatu kumi na nne. Ndipo nilipotambua kwamba mguu wangu ulikuwa ukipiga sakafu bila kukosea. Mizani ya mfokaji haiko katika maneno, iko katika ngoma. Mapigo ni manne, na ndani ya kila pigo anaweza kuingiza silabi mbili za kutembea au tano za kukimbia, mradi mwisho wa mstari uangukie mahali pake. Vina navyo havikai vituoni tulivyovizoea. Hujitokeza katikati, hurudi, hubadilika baada ya mistari miwili. Tangu Euphrase Kezilahabi alipotoa "Kichomi" mwaka 1974, wanamapokeo na wanamabadiliko walikuwa wamegombana kama shairi lisilo na urari wa vina na mizani ni shairi. Mimi nilikuwa upande wa wanamapokeo, tena mstari wa mbele. Na hapa, bila kuuliza ruhusa ya upande wowote, vijana wasiojua hata kwamba kuna ugomvi walikuwa wamevirudisha vina kwa mamilioni ya wasikilizaji.

Sisemi kwamba nyimbo zake zote ni sawa. Nyingine ni za kujisifu tu, kama ilivyo ada ya wafokaji, ingawa malenga wa kale nao hawakuwa wanyonge katika majigambo. Lugha ya mitaani humfunga msikilizaji wa kijijini, na maneno yake mengine yamekwisha kuchakaa, kama yanavyochakaa maneno yote ya vijana. Lakini ana jicho la msimulizi. "Bongo Dar es Salaam" inamwonyesha mgeni mji wenye wajanja na mitego yao, na "Zali la Mentali" ya mwaka 2003, aliyoimba na Juma Nature, ni ngano ya mtu wa hali ya chini aliyependwa na mwanamke tajiri, iliyohamishwa kutoka barazani kwa bibi ikawekwa mjini.

Baada ya wiki chache vijana wa Ubena walianza kuniamkia njiani kwa jina jipya. "Ndio mzee!" walisema, na mimi nilikuwa sijafikia umri wa kuitwa mzee na mtu yeyote. Sijui nani aliwaambia kwamba ile hotuba niliiandika mimi. Katika vijiji vyetu mambo ya masijala hayakai masijala. Kisima hakikuchimbwa mwaka ule wala mwaka uliofuata. Maji yalipofika hatimaye, miaka saba baadaye, yalikuja kwa mradi mwingine na kwa kalamu ya watu wengine. Yule bibi alikuwa amekwisha kufariki. Nilikwenda mazikoni, na hakuna aliyenitania siku ile, na ningependa wangenitania.

Historia nayo ina mizaha yake. Mwaka 2010 Mbilinyi alichaguliwa kuwa mbunge wa Mbeya Mjini. Mwaka 2015 Haule mwenyewe alisimama kwa tiketi ya CHADEMA katika jimbo la Mikumi, akashinda. Mwaka 2020 Hamis Mwinjuma, yaani Mwana FA, alichaguliwa Muheza kwa tiketi ya CCM, na mwaka 2023 akateuliwa kuwa Naibu Waziri wa Utamaduni, Sanaa na Michezo. Mtu aliyekumbuka mwaka 1969 na marufuku yake angeweza kukaa chini akacheka peke yake. Mimi, kila basi la Mikumi lilipopita Ubena katika ile miaka mitano, nilimfikiria mfokaji wangu akiwa jukwaani, mbele ya umati wa kweli safari hii, wenye kiu ya kweli. Je, alipotua baada ya ahadi, alilisikia lile itikio? Je, alikuwa na karani? Mwaka 2020 alishindwa, na kiti kikaenda kwa mwingine.

Mwanzoni mwa mwaka 2022 aliugua figo, akalazwa Muhimbili. Kwa miezi mingi nchi iliuliza habari zake, na watu wa vyama vyote walimchangia na kumwombea. Alipotoka alitoa, mwaka 2023, wimbo alioshirikiana na Walter Chilambo, uitwao "Siku 462", kwa hesabu ya siku alizokaa hospitali, na akaanzisha taasisi ya kuwasaidia wagonjwa wa figo. Studio yake aliipa jina la Mwanalizombe. Lizombe ni ngoma ya Wangoni. Nilipolisikia jina hilo nilikumbuka swali la Mwalimu la mwaka 1962, juu ya nani anayezijua ngoma za kwao, na nikajiuliza kama mimi, mlinzi wa utamaduni, niliwahi kuita kitu changu chochote kwa jina la gombesugu.

Hivi karibuni nilialikwa na shule moja ya sekondari katika wilaya yetu kuzungumza juu ya ushairi na kidato cha tatu. Nilizungumza habari za Shaaban Robert, nikazungumza habari za ngonjera, kisha mwalimu, kijana mwenye bidii, akaufungulia wimbo wa "Ndio Mzee" katika simu yake iliyounganishwa na kipaza sauti. Wanafunzi hawakuwa wamezaliwa wakati wimbo huo unatoka, lakini kufikia ahadi ya tatu darasa zima lilikuwa likiitikia. Ulipokwisha, msichana mmoja wa dawati la nyuma aliinua mkono.

"Shikamoo mzee," alisema. "Huyo mgombea, maneno yake nani alimwandikia?"

Mwalimu alimweleza kwamba mtunzi ni Professor Jay mwenyewe.

"Hilo najua, mwalimu. Nauliza kuhusu mheshimiwa mwenyewe, kama angekuwa mtu wa kweli. Si huwa wanaandikiwa?"

Nikamwambia kwamba ndiyo, huwa wanaandikiwa.

"Na huyo anayewaandikia," akauliza, "yeye huwa anajua kwamba si kweli?"

Mwalimu alitaka kuniokoa, akaangalia saa yake. Nilimwomba anipe dakika kumi. Nilivuta kiti nikakiweka karibu na madawati, nikaketi, nikaanza kuwasimulia habari za jalada la makadirio, na bibi, na kile kisima.